Silinda namba 3: nani aliiunguza valvu?

Kapteni alinikuta uwanjani Tanga saa moja na nusu asubuhi, mimi bado nahangaika na kufuli la banda. Aliniamkia, nikamwitikia, kisha akanyamaza kama mtu aliyeleta habari ya msiba. "Mzee," akasema hatimaye, "nadhani nimeua injini ya watu."

Injini yenyewe ni Continental IO-520, silinda sita, nguvu za farasi 300, imefungwa kwenye Cessna 206 ya bwana mmoja wa Dar es Salaam anayeikodisha kwa wapima ardhi, watalii na yeyote mwenye haraka na pesa. Huku kwetu huja mara mbili tatu kwa mwezi, nami humwaga oili, nikakagua plagi, nikajaza karatasi. Jioni ya jana yake Kapteni alikuwa ametoka Mkomazi na abiria wawili. Mwezi wa nne, masika yamekolea. Alivuka Usambara kwa futi 9,500, akakuta mawingu yamejilaza kuanzia Amani hadi Muheza, akafanya ambalo rubani yeyote mwenye akili angefanya: alibaki juu mpaka apate tundu. Tundu likapatikana Muheza. Kutoka hapo hadi uwanja wetu ni kilomita thelathini na kidogo, na uwanja uko karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo hesabu unaiona mwenyewe. Akavuta gesi hadi inchi 15 za presha ya manifoldi (kipimo cha nguvu anayoiomba rubani kwenye injini), akainamisha pua, akapita kwenye mvua ya kutosha kuosha ndege nzima, na kwenye kompyuta ya injini zikaanza kumetameta herufi tatu: CLD.

Herufi hizo humwambia rubani kwamba silinda mojawapo inapoa kwa kasi kuliko kiwango kilichowekwa. Kwenye ndege ile kiwango ni nyuzi 60 za Farenhaiti kwa dakika. (Nitaandika Farenhaiti kote, kwa sababu ndizo namba zilizo kwenye kioo chake.) Alitua salama. Alipokuwa akiisogeza ndege kwenye maegesho alihisi injini inatetemeka kidogo, akadhani plagi zimelowa. Asubuhi alipoiwasha aende Pemba ilikuwa inamisi waziwazi, inatikisa hadi miwani yake juu ya dashibodi. Akaizima, akaja kunisubiri.

Kosa lake la pili, kama lile la kwanza lilikuwa kosa, ni uaminifu. Alikuwa ameshampigia mwenye ndege usiku uleule na kumweleza kila kitu, pamoja na herufi tatu. Kwa hiyo saa nne simu yangu ililia. "Bwana fundi," akasema yule bwana, baada ya salamu fupi mno kwa mtu wa pwani, "huyo kijana kanipasulia silinda kwa kuishusha kama jiwe. Wewe niandikie tu kwenye ripoti kuwa injini ilipoozwa ghafla, mengine nitamalizana naye kwenye mshahara."

Nilimjibu kuwa nitaandika nitakachokiona. Alikata simu bila kuaga.

Sasa, tusimcheke. Habari ya injini kupoozwa ghafla ina miaka mingi kwa marubani wa ndege za pistoni, na kila mmoja wetu amelelewa nayo. Mfano unaotolewa ni wa chungu: kimeiva juu ya moto, mtu akakimwagia maji baridi, kikalia "ta!" kikapasuka. Hata fizikia yake si ya kubahatisha. Kichwa cha silinda ya ndege ni alumini, mtungi wake ni chuma, na alumini hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma kwa badiliko lilelile la joto. Mapezi ya nje, yaani zile bati nyembamba za kupozea silinda, yakipoa kabla ya ndani, ngozi ya nje inavutika, na alumini iliyochoka huanza ufa pale inapovutwa. Lycoming, watengenezaji wengine wakubwa wa injini hizi, wanashauri joto la silinda lisishuke kwa zaidi ya nyuzi 50 kwa dakika. Marubani wanafundishwa kupunguza inchi moja ya presha kila dakika wanapoteremka. Ndege zinazovuta glaida au kupandisha warukaji wa parashuti, ambazo kazi yao ni kupanda kwa nguvu zote na kurudi chini mbio, zina historia ya vichwa kupasuka.

Kuna upande wa pili pia. Ndege inapoondoka, joto la silinda hupanda kwa kasi inayoweza kupita hizo nyuzi 60 kwa dakika bila shida, na hakuna kengele inayolia wala mwenye ndege anayepiga simu. Ndege za mafunzo zenye injini mbili huzimwa injini moja angani, mwanafunzi baada ya mwanafunzi, silinda zikatoka kwenye joto la safari hadi ubaridi kwa dakika chache, na zinaendelea kufanya kazi. Chungu ni udongo, hakipindi, kinavunjika. Alumini ina uvumilivu wake. Mimi binafsi huwashauri marubani washuke taratibu, lakini kwa ajili ya masikio ya abiria kwanza.

Lililonisumbua ni hili: hakuna aliyekuwa ameifungua ile injini. Hukumu ilikuwa imeshatoka Dar na mashtaka hayajasomwa Tanga.

Tukafungua boneti, mimi na kijana wangu. Kabla ya kushika chombo chochote niliandika kwenye daftari vitu ambavyo ningetarajia kuviona kama kweli ubaridi wa ghafla ndio uliofanya kazi. Huwa nafanya hivyo nikijua kuna mtu anasubiri jibu fulani, maana jicho lina tabia ya kuona kilichotajwa. Kwanza, ufa kwenye kichwa cha silinda, hasa kati ya tundu la plagi na njia ya valvu ya ekzosi, yaani mlango wa kutolea moshi, na doa la moshi au oili pembeni yake. Pili, au badala ya hilo, valvu iliyokwama: gaidi limesinyaa likaibana shina la valvu, pushirodi, fimbo inayosukuma valvu ifunguke, ikasukuma kitu kisichosogea, ikapinda. Tatu, madhara yaanzie kwenye silinda za mbele, zinazopigwa na upepo na mvua kabla ya wenzake.

Niseme kidogo kuhusu hilo gaidi. Ni bomba fupi la chuma lililopigiliwa ndani ya kichwa cha silinda, na shina la valvu hupanda na kushuka ndani yake. Mafundi wa magari na wa ndege wote tunaliita hivyo, na ni jina baya kwa kitu kinachofanya kazi ya uaminifu kuliko vyote humo ndani. Kwa mizunguko 2,400 kwa dakika kila valvu hufunguka mara 20 kwa sekunde. Gaidi ndilo linalohakikisha kila mara inaporudi inakaa palepale kwenye siti yake, pete inayolaliwa na valvu ikijifunga, katikati, bila kuegemea upande. Valvu ya ekzosi hufanya kazi ikiwa nyekundu kwa joto. Inapoa kwa njia mbili tu: sehemu kubwa ya joto, inakadiriwa robo tatu, hutoka wakati midomo yake imegusana na siti, na inayobaki hupitia shinani kwenda kwenye gaidi. Gaidi likilika, valvu inayumba. Ikiyumba haikai vizuri. Isipokaa vizuri, gesi ya moto hupenya kwenye upenyo mwembamba pembeni, na pale penye upenyo joto halina pa kutokea. Hapo ndipo inapoanza kuungua, kwa wiki na miezi, huku injini ikiunguruma vizuri tu.

Turudi kwenye boneti. Tuliiwasha injini dakika kumi ipate joto, kwa sababu kipimo cha kompresheni kwenye injini baridi hakina maana, kisha tukatoa plagi za juu. Kompresa yangu ilikuwa imekufa tangu Ramadhani, tukaazima ya fundi pancha wa Majani Mapana, ikaletwa kwa bajaji. Namna ya kupima ni kupeleka upepo wa pauni 80 kwa inchi ya mraba ndani ya silinda pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, halafu kusoma ni pauni ngapi zinabaki ndani. Mtu mwenye nguvu lazima ashike pangaboi, maana upepo ule unaweza kuizungusha na kukata mkono wa mtu. Kijana wangu alishika.

Matokeo: namba 1, 72. Namba 2, 70. Namba 3, 24. Namba 4, 71. Namba 5, 68. Namba 6, 74. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa chombo changu siku ile, tukikipima kwa tundu lake la kulinganishia kama Continental wanavyotaka, kilikuwa 44.

Nikamwambia kijana aweke sikio kwenye bomba la ekzosi, mimi nikaweka langu kwenye mdomo wa kujazia oili. Kwangu kimya. Kwake, "Mzee, huku kuna nyoka." Upepo ukitokea kwenye oili ni ringi za pistoni, ukitokea kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingiza, ukitokea kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi. Wakati mwingine ni chembe tu ya masizi imekaa chini ya mdomo wa valvu, kwa hiyo nilitoa kifuniko cha roka, mkono unaoibonyeza valvu, nikaligonga shina la valvu kwa nyundo ya plastiki, polepole, mara tatu. Ikasoma 26. Haikuwa chembe.

Kapteni alikuwa amekaa juu ya ndoo ya oili akisikiliza. Akauliza kama ile mvua inaweza kuwa imeinamisha valvu. Nikatoa pushirodi ya namba 3, nikaiviringisha juu ya kioo cha dirisha tulichokiweka mezani. Ilienda moja kwa moja, haikurukaruka. Valvu yenyewe ilipanda na kushuka bila kukwama. Kichwa cha silinda tukakisafisha, tukakipaka rangi ya kutafutia nyufa pale tulipoweza kufikia. Hakuna ufa. Mambo mawili kati ya matatu niliyoyaandika daftarini hayakuwepo.

La tatu halikuwepo pia. Hapa fundi aliyezoea injini za Lycoming angeweza kukosea, kwa sababu wao huhesabu silinda kuanzia mbele. Continental huhesabu kuanzia nyuma: namba 1 na 2 ziko karibu na rubani, 5 na 6 ziko karibu na pangaboi. Nimeshaona mtu mzima akitoa silinda nzima isiyohusika kwa kosa hilo. Namba 3 yetu ni ya katikati, upande wa kulia. Zile zilizopigwa na mvua usoni, 5 na 6, zilikuwa zinasoma 68 na 74.

Kisha nikaingiza kamera ya kuchungulia kwenye tundu la plagi. Valvu ya ekzosi yenye afya ina sura ya chapati iliyoiva sawasawa: katikati kahawia nyekundu, kando duara la rangi nyingine, na duara hilo upana wake ni mmoja kuizunguka valvu yote. Ya namba 3 ilikuwa chapati iliyoungua upande. Kama ingekuwa uso wa saa, basi kati ya saa saba na saa tisa mashapo yote yalikuwa yameliwa, chuma kimebaki kitupu chenye ukijani, na ukingoni palikuwa na kidomo kama kipande kilichong'atwa na panya. Nilimpa Kapteni aangalie. Hakusema kitu. Mimi nilichomwambia ni kwamba hilo doa halikupikwa jana.

Lakini "halikupikwa jana" ni maneno ya fundi, na mwenye ndege alitaka kitu cha kushika. Kompyuta ile ya injini huandika joto la kila silinda na la kila bomba la ekzosi baada ya kila sekunde sita. Nikachomoa kumbukumbu zote kwa flashi, nikaenda nyumbani Chumbageni, nikakaa na kompyuta ya mwanangu mpaka adhana ya alfajiri.

Nilianza na safari ya mashtaka. Ilikuwa kweli: wakati wa kushuka Muheza, kengele ililia. Silinda iliyoipiga ilikuwa namba 6, iliyofikia kupoa nyuzi 71 kwa dakika kwa muda mfupi. Namba 6, ile yenye 74 kwa 80, bora kuliko zote. Namba 3 katika dakika hiyohiyo ilikuwa inapoa kwa 48, chini hata ya kile wanachokiogopa Lycoming.

Nikarudi nyuma. Safari ya kutoka Dar kwenda Mkomazi siku nne kabla: joto la ekzosi la namba 3, ndege imetulia angani, gesi haijaguswa, lilikuwa linapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Nyuzi 45 juu, 45 chini, kila wimbi dakika moja na sekunde kadhaa. Silinda nyingine tano mistari yao imenyooka. Waya mbovu wa kipimo huchora meno ya msumeno, na hii haikuwa msumeno. Kwenye shina la valvu hizi kuna kifaa kinachoizungusha valvu polepole kila inapofunguka, isikae mahali pamoja siku zote. Valvu yenye kidonda inapozunguka, kidonda hupita mahali siti inapoziba vizuri, kisha mahali isipoziba, na joto la ekzosi hufuata. Yale mawimbi ni valvu inajieleza.

Nikarudi nyuma zaidi, safari baada ya safari, nikitafuta wimbi la kwanza. Nililipata saa 21 za kuruka kabla ya mvua ya Muheza, dogo, la kutafuta kwa jicho la shari.

Ningeweza kuishia hapo. Kijana ameshasafishika. Lakini namba nyingine ilikuwa inanikera. Joto la kichwa cha namba 3 wakati wa kupanda lilikuwa 418, 422, safari moja ya kutoka Dar mchana 426. Mstari mwekundu wa injini hii, joto isilotakiwa kulivuka, ni 460, na kengele ya joto kwenye kompyuta ilikuwa imewekwa 450, ndiyo maana haikulia hata mara moja. Lakini 420 si joto la kuishi nalo. Alumini ya kichwa inalegea, oili ndani ya gaidi inageuka makaa, gaidi linalika haraka. Wengi wetu tunataka kukaa chini ya 400, na kwa Continental 380 ndiyo raha. Chombo kililia kwa kitu kilichoonekana hakikuumiza, kikanyamaza kwa saa 43 mbele ya kitu kinachoumiza.

Saa 43. Nilijua idadi hiyo ni ya nini kabla sijaikokotoa mara ya pili, kwa sababu kabla ya hapo namba 3 ilikuwa ikipanda kwa 380, 384, haizidi 388. Siku moja tu imebadilika. Tarehe ya siku hiyo kwenye kitabu cha injini ina kazi ya kumwaga oili, kubadilisha chujio, kufunga boneti. Na sahihi yangu.

Asubuhi nilirudi uwanjani na tochi, nikaangalia raba. Injini hizi hupozwa kwa upepo unaoingia kwenye midomo miwili ya mbele, ukajaa juu ya silinda, kisha ukalazimishwa kushuka katikati ya mapezi. Unalazimishwa kwa sababu kuna kuta za bati, sisi tunaziita bafli, na juu ya bati hizo kuna ukanda wa raba unaolalia boneti na kuziba. Raba ikikunjika kuelekea upande usiotakiwa, upepo wenyewe unaifungua kama pazia na kukimbilia nyuma bila kugusa silinda. Ukiondoa boneti raba inajinyoosha, unaona kila kitu kiko sawa. Ndivyo nilivyoiona siku iliyotangulia. Sasa kwa tochi, upande wa kulia nyuma, niliona urefu wa kama shibri moja uliokuwa na alama ya mkunjo, na ng'ambo yake upande wa ndani wa boneti vumbi jekundu la Mkomazi limechora ulimi mzuri kabisa wa mahali upepo ulipokuwa unapita.

Siku ile ya oili nakumbuka ilikuwa Ijumaa, na boneti tuliifunga saa sita mchana ili tuwahi msikitini. Siitaji kama udhuru. Naitaja kwa sababu fundi mwingine akisoma atajua ni saa ngapi za siku vitu hivi hutokea.

Nikakaa na swali ambalo sikuwa nimetumwa: ni mimi niliyeiunguza? Sina jibu la asilimia. Silinda ile ilikuwa na saa 910, na gaidi, tulipolipima baadaye, lilikuwa limetanuka kwa chini kama mdomo wa tarumbeta. Ulaji wa namna ile haupatikani kwa saa 43. Silinda mbili nyingine za umri uleule zilikuwa kwenye injini ileile, zikiwa zimepanda nyuzi nane au kumi tu, na valvu zao ni nzima. Kwa hiyo naamini valvu ya namba 3 ilikuwa inaelekea huko, na raba yangu iliisukuma mteremkoni. Kama raba ingekaa sawa, pengine ingefika ukaguzi mkubwa wa saa 100, tungeiona kwenye kamera ikiwa na doa dogo, tukaisaga palepale bila kuitoa silinda. Au pengine tungeikosa. Mwenye ndege alipaswa kusikia yote mawili.

Nilimpigia baada ya sala ya Ijumaa, safari hii bila haraka. Nikamsomea namba. Kwenye namba 6 na kengele yake alinisimamisha, akataka nirudie: silinda iliyolia ndiyo nzima kuliko zote? Ndiyo. Nikamweleza mawimbi. Kisha nikamweleza raba, na nani aliyefunga boneti. Simu ilikuwa kimya mpaka nikadhani imekatika. "Sasa bwana fundi," akasema, "ungeniandikia nilivyokuomba, si hili la raba nisingelijua?" Nikamwambia ndiyo, asingelijua. Akacheka, kicheko ambacho sikukipenda wala sikukichukia.

Ukarabati sitaurefusha. Valvu ile haikuwa ya kusaga tena, ukingo umeshaliwa. Kutoa silinda ni upasuaji. Ukishalegeza boliti ndefu zinazobana mwili wa injini, hairuhusiwi kuizungusha krankishafti, mhimili mkuu wa injini, ovyo, vyuma vya kubebea ndani vinaweza kusogea, na injini nzima ikaja kufa kwa sababu ya matibabu ya silinda moja. Ndiyo maana napinga tabia ya kutoa silinda sita kwa kosa la moja. Tulitoa namba 3 peke yake, tukaifunga kwenye blanketi, ikapanda basi kwenda Dar kwa karakana yenye mashine ya kuchonga siti. Ikapata valvu mpya, gaidi jipya, siti ikachongwa. Kati ya kusubiri vipuri na kusubiri karatasi, siku kumi na tatu. Tanga, waja leo waondoka leo, walisema waliotutangulia. Kapteni alikuwa wa kwanza kulikanusha, na alinenepa kwa samaki wa mama mmoja wa Deep Sea.

Siku ya kufunga boneti nilimpa Kapteni tochi na kioo cha mkono, nikamwambia apite kila inchi ya raba kupitia midomo ya mbele boneti ikiwa imeshafungwa, kwa sababu ni hapo tu unaweza kuiona ilivyolala. Akakuta sehemu moja, kushoto, imekunjwa. Tukafungua, tukarekebisha, tukafunga tena. Kengele ya joto tukaishusha kutoka 450 hadi 400. Ile ya kupoa tuliiacha kwenye 60. Kapteni alitaka kuizima kabisa kwa hasira, nikamkatalia. Inamkumbusha kupanga mteremko mapema, na hilo halijawahi kumdhuru mtu.

Mshahara wake haukukatwa. Silinda alilipa mwenye ndege. Raba mpya ya bafli nilinunua mimi, pamoja na gharama ya basi, na hakuna aliyeniomba.

Safari ya kwanza ilikuwa Pemba. Alipotua Tanga jioni alinitumia kumbukumbu za injini kwa WhatsApp kabla hata hajafunga kamba za ndege. Namba 3 ilipanda kwa 379, mstari wa ekzosi umenyooka kama uzi wa mvuvi. Namba 5, ile ya 68, ina kitu kama pumzi nyepesi, nyuzi 15 hivi juu na chini. Inaweza kuwa hewa chafu tu ya juu ya mlango wa bahari. Kesho akipita hapa nataka nichungulie na kamera kabla hajanywa chai.